Saa Sita Kati ya Mshale na Mdomo

Wengine wakianza husema hapo kale. Sisi hiyo kale hatuna pa kuiweka, kwa sababu katika mji huu jana hupotea mapema na kesho huchelewa kufika. Basi tuanze tu na Ngwali akiwa amesimama mbele ya mlango wa Mwenyeji, mchana kweupe, kanzu imepigwa pasi, na kimfuko cha vifaa kwapani. Aliogopa. Tuliseme hilo mwanzoni ili lisije likatuchelewesha mbele. Aliuogopa mlango, akaogopa kuugonga, na zaidi ya yote aliogopa kwamba akigonga atafunguliwa.

Ngwali alikuwa mkusanyaji wa saa. Si saa zozote, msimvunjie heshima. Hakuzitaka zile nene za wapiga mbizi, wala zile za kupimia mbio, wala hizi za kisasa zinazokula betri. Alizitaka saa za mkono za Uswisi za zamani, zile nyembamba zenye ganda la dhahabu na uso mweupe, mishale miwili tu, hata wa sekunde hamna. Saa za kuvaliwa karamuni, chini ya mkono wa kanzu au koti, zisizojionyesha na zisizopiga kelele, ambazo lazima uzitie ufunguo kwa vidole vyako kila asubuhi, la sivyo zinalala. Uswisi yenyewe hakuna mtu mjini aliyewahi kuiona, na wapo walioapa kwamba haipo, kwamba saa hizo huokotwa tu. Ngwali hakubishana nao. Alikuwa na droo iliyotandikwa kitambaa cha kijani, na kila asubuhi alizitia ufunguo moja moja, akiiweka kila moja sikioni, maana saa isiyo na mshale wa sekunde huwezi kujua kwa macho kama inatembea. Mkewe, Mize, alikuwa akimtazama kutoka kitandani.

"Mimi hujaniweka sikioni hata siku moja," alimwambia.

Alikuwa akitania, na wakati huohuo hakuwa akitania. Ngwali alicheka, akachukua saa nyingine.

Katika mji huu watu wote ni wageni na mwenyeji ni mmoja. Nani alifika kwanza, nani alimkaribisha nani, hayo hayaulizwi, na mtoto akiuliza hutiwa tende mdomoni. Mwenyeji haonekani barabarani, ila kila mtu anajua kwamba tunachokula ni chake na kivuli tunachokaa ni cha ukuta wake. Na mgeni ana adabu zake. Mgeni hachagui chakula. Mgeni hasifu nyumba ya jirani. Na mgeni hatazami saa mbele ya mwenyeji, kwa maana anayetazama saa amewachoka watu, anataka kuondoka, na kutaka kuondoka ndilo tusi kubwa kuliko yote mjini. Kwa hiyo watu wa heshima huvaa saa nzuri mno, kisha wakazifunika. Ukienda kwa Mwenyeji bila saa mkononi unadharauliwa. Ukiitazama saa yako hurudi. Ukitaka kwenda zako unaomba ruhusa, na Mwenyeji, kama mtu yeyote mwenye malezi mema, anakujibu kwa upole: "Mbona mapema? Keti kidogo." Hakuna maneno mjini yanayotisha kama hayo. Akina mama huwanyamazishia watoto.

Sasa kuna jambo ambalo Ngwali alilifikiri kwa miaka likamtia wasiwasi. Saa zake zilitengenezwa na watu wanaoianza siku gizani, usiku wa manane. Yeye na majirani zake siku yao ilianza na jua. Kwa hiyo jua lilipochomoza na mshale ukasimama kwenye saba, mdomo ulisema saa moja. Mshale kwenye nane, mdomo ukasema saa mbili. Hakuna aliyekosea, hata mtoto. Jicho linaona hili, ulimi unatamka lile, na kati yake saa sita zinarukwa bila mtu kuhisi chochote. Lakini zinakwenda wapi? Ngwali alijiuliza hivyo akiwa sokoni, akiwa msalani, akiwa anakata kucha. Kila mtu mjini, kila anapoulizwa saa ngapi, anazipokea saa sita kwa jicho na hamkabidhi mtu yeyote. Zingekuwa maji, mji ungekuwa umeshazama. Lazima ziko mahali. Lazima ipo nyumba iliyojaa saa hizo, na lazima yupo anayekaa ndani yake. Alipofika hapo kila mara alihisi baridi mgongoni, akaenda kumtafuta Mize jikoni ili asiwe peke yake.

Mize ndiye pekee mjini ambaye hakuwa na shida hiyo. Saa yake aliachiwa na bibi yake, mwanamke asiyependa mizunguko, ambaye siku ileile aliyoipata aliigeuza mishale: jua likitoka, mshale kwenye moja. "Siwezi kuvaa kitu kinachosema lake na mimi nikasema langu," alisema bibi huyo, na akafa akiwa na msimamo huo. Mize aliirithi hivyo na akaisoma hivyo. Moja ni moja, mbili ni mbili. Na ilikuwa saa nzuri kuliko zote zilizomo katika droo ya Ngwali, jambo lililomuuma. Uso wake haujawahi kupakwa rangi upya. Ulikuwa umezeeka kwa haki, umekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kingo za ganda zilikuwa bado kali, hazijasuguliwa na fundi mwenye papara. Na saa ya namna hiyo, alilalamika Ngwali, mishale imekaa kombo.

"Kombo kwa nani?" Mize aliuliza.

Mwanamume aliyeshindwa na mkewe hufanya mambo kimyakimya. Asubuhi ambayo Mize alialikwa kwa Mwenyeji, alipokuwa anaoga, Ngwali aliichukua saa yake, akaitia ufunguo, akavuta kile kifundo cha ubavuni na kuirudisha mishale mahali ambapo Waswisi waliikusudia. Aliogopa mkewe asije akaaibika mtu akiiona mkononi mwake. Aliifuta kwa kitambaa laini, akaiweka juu ya kanga yake. Alidhani ni zawadi. Alitaka amwambie jioni akirudi, waicheke pamoja.

Yaliyotokea aliletewa na mjumbe wa Mwenyeji, mtu mwenye kilemba safi na sauti isiyo na haraka. Nyumba ya Mwenyeji haina madirisha, alisema mjumbe. Mle mwanga ni uleule. Mlango hufunguliwa saa moja ya jioni kwa anayetaka kuomba ruhusa. Na saa saba mchana, masinia ya wali yakiwa ndiyo kwanza yanawekwa, mkeo aliinua mkono wa buibui kidogo tu, akaona mshale umegusa moja, akasimama mbele ya watu. Akasema, Mwenyeji, ni saa moja, ahsante kwa chakula, naomba ruhusa.

"Mwenyeji akakasirika?" aliuliza Ngwali.

"Mwenyeji hakasiriki. Alimwambia, saa moja iko mbali, bibi. Lakini maadamu umeshasimama, iendee."

"Kisha?"

"Kisha anaiendea. Na wewe umealikwa. Njoo na vifaa vyako vya saa, mkononi usivae saa."

Ndiyo maana yuko mlangoni. Alipiga hodi, na sauti nyingi zikajibu kwa pamoja, karibu, kwa furaha ambayo ilimfanya atamani kukimbia.

Ndani palikuwa na ukumbi mrefu uliotandikwa mazulia, na watu wameketi safu mbili wakitazamana, masinia katikati yao. Mwanga haukutoka popote. Ulikuwepo tu, wa rangi ya siagi, na hakuna aliyekuwa na kivuli cha kuaminika. Walikula polepole, kwa adabu, wakisifia pilipili. Na chini ya mazungumzo yao Ngwali alisikia kitu ambacho angekitambua hata akiwa kaburini: saa zinatembea. Chini ya kila mkono wa kanzu, chini ya kila buibui, ile sauti ndogo kavu, mia kwa pamoja, kama mvua ya mbali juu ya bati. Nyumbani sauti hiyo humliwaza. Hapa jasho lilimtoka mpaka kofia ikalowa.

Alioneshwa nafasi kando ya bibi mmoja mnene mwenye miwani, aliyekuwa anachambua mfupa kwa makini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kula. Hapa asiyekula huulizwa kulikoni." Alimsogezea sinia. "Mimi Kazija. Niite Bi Kazija, wengine humu wameshasahau kuita majina."

"Umekuja lini, Bi Kazija?"

"Sasa hivi. Nimeacha chungu cha maharage motoni. Nikasema nitie kuni mbili, nije nioneshe uso, nile tonge moja ili nisionekane mwenye maringo, kisha nirudi kuyaunga nazi." Akalamba kidole. "Sasa hivi tu."

Ngwali alimtazama. Hina za vidoleni mwake zilikuwa zimepauka kabisa, na kucha zilizoota baada ya hina zilikuwa ndefu, zimejikunja.

"Na ulipotaka kuomba ruhusa?"

Bi Kazija aliweka mfupa chini. Aliinua mkono wa buibui, upesi, kama mtu anayeonesha jeraha. Saa yake ilikuwa nzuri, ndogo, ya dhahabu nyekundu. Katika droo ya Ngwali ingekaa safu ya mbele. Ilikuwa inatembea, aliisikia. Lakini uso ulikuwa mtupu. Namba zote zipo, mishale hakuna. Katikati palibaki kishimo kidogo, na ndani ya kishimo kitu kinazunguka bila kuonesha chochote kwa yeyote.

"Mishale ameitoa Mwenyeji mwenyewe kwa vidole vyake," alinong'ona. "Akaniambia, nakuondolea mahangaiko, bibi. Na kweli, sihangaiki. Siku hizi vidole vimeanza kumtetemeka, ndiyo maana umeitwa." Akaufunika mkono. "Ila maharage. Mwanangu, mimi nasikia harufu ya maharage yangu."

Ngwali aliangalia huku na huku, na sasa akaelewa kwa nini watu mia wanaweza kuketi hivi, wakisifia pilipili. Saa zote ukumbini zilikuwa hivyo. Zinaishi, hazisemi. Hofu yake, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya jumla, ikapata mahali pa kukaa, ikakaa.

"Namtafuta mke wangu," alisema. "Mize. Aliyesimama."

"Yule?" Bi Kazija akaelekeza kwa kidevu. "Geuka taratibu. Usilie, wanachukia kilio."

Mwisho wa ukumbi palikuwa na uwazi, na nyuma ya uwazi ujia mrefu uliokwenda mpaka mlango wa kutokea. Ndani ya ujia alikuwamo Mize. Alikuwa anatembea. Buibui lilipepea, viatu alivibeba mkononi kama alivyozoea akichoka, na alitembea kwa mwendo wake wa kawaida, wa mtu anayewahi kabla maji hayajakatika. Alikuwa anauendea mlango na haufikii. Ngwali alipokodoa macho alidhani anamwona mgongo. Alipofumba na kufumbua alimwona uso, anakuja huku, na huku pia hafiki. Nywele zilizochomoza kwenye ushungi zilikuwa nyeusi, kisha zikawa na mvi, kisha nyeusi tena. Hakuwa na uso wa mtu anayeteseka. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu vitu vya kufanya akifika nyumbani, na hilo ndilo Ngwali hakuweza kulivumilia.

Ni mle, aliwaza. Ndimo zilimo. Zile saa sita. Kila nilichojiuliza sokoni, kila nilichojiuliza msalani. Ni ujia tu. Ujia uliopakwa chokaa. Na mimi, kwa vidole vyangu, nimemfungulia aingie. Kwa kitambaa laini.

"Bwana fundi," sauti ikasema.

Mwenyeji alikuwa amesimama juu yake. Ngwali alitegemea jitu. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, kanzu ya kawaida, ndevu zinahitaji mkasi, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Mikono aliificha ndani ya mikono ya kanzu.

"Mimi si fundi," alisema Ngwali, akasimama. "Mimi hukusanya tu."

"Ni kazi moja. Sote hatupendi kitu kiende zake." Mwenyeji akatabasamu bila ubaya. "Njoo mbele. Kaa hapa kwangu, mwanga ni mzuri zaidi."

Akamkalisha juu ya mto wake mwenyewe, kwenye kichwa cha ukumbi, na yeye akachuchumaa pembeni. Akaletewa sinia dogo la shaba, na juu yake saa ya Mize, aliyovuliwa mkononi.

"Itazame," alisema Mwenyeji. "Hapa wewe unaruhusiwa."

Ngwali alitia lensi jichoni, akaitazama, na hapa lazima tumsengenye kidogo, kwa kuwa ni kweli. Alisahau. Kwa muda mfupi, ukumbi ule, mkewe ujiani, maharage ya bibi wa watu, vyote vilimtoka, na akabaki na uso ule wa rangi ya chai na mishale yake miembamba iliyopinda nchani. Mwenyeji alikuwa ameweka kichwa karibu na chake, anapumua taratibu.

"Haujapakwa upya," alisema Mwenyeji.

"Haujaguswa. Tazama hapa kwenye tisa, wino umepasuka kidogo. Anayepaka upya huziba hapo."

"Na kingo."

"Kingo ni zilezile za kiwandani."

"Nilijua," alisema Mwenyeji kwa furaha, na kwa kitambo walikuwa watu wawili tu wanaopenda kitu kimoja. Kisha Mwenyeji akatoa mikono yake ili aisogeze saa, Ngwali akaona jinsi vidole vinavyotetemeka, na hofu ikamrudia yote kwa mkupuo.

"Itoe mishale," alisema Mwenyeji. "Ndiyo saa ya mwisho humu yenye mishale. Ukiitoa, mkeo ataacha kutembea. Atarudi kukaa. Utakaa naye hapo kando ya Bi Kazija, mtakula, mtazungumza, hakuna atakayemwacha mwenziwe. Kwani si ndicho ulichokijia?"

"Nimekuja kumchukua."

"Wote husema hivyo." Sauti yake ilishuka. "Bwana, unaujua ukumbi mkubwa namna hii ukiwa hauna mtu? Mimi naujua. Nilikuwa nao siku moja kabla ya kumwambia mtu wa kwanza aketi. Usinitazame hivyo. Mimi si mkatili. Mimi naogopa tu, kama wewe."

Ngwali alifungua kimfuko, akatoa kibano. Kule mwisho wa ukumbi, ujiani, Mize alikuwa anatembea. Saa ilikuwa inalia vizuri, lakini mshale wa saa ulikuwa umeganda kwenye saba, na alipouona hapo akaelewa kitu rahisi mno kiasi cha kutaka kucheka. Mshale kwenye saba: kwa mdomo wa mji mzima, hiyo ndiyo saa moja. Mlango uko wazi. Huenda umekuwa wazi muda wote. Ni Mize tu asiyelijua hilo, kwa sababu yeye hajui kuruka. Yeye anasoma saba na kusema saba, anaendelea kuingoja moja yake, moja ambayo mumewe aliiondoa alipokuwa bafuni.

Akaweka kibano chini. Akakivuta kifundo cha ubavuni.

"Unafanya nini?" Mwenyeji aliuliza. Hakumzuia.

Saa sita. Nizirudishe saa sita, basi, aliwaza. Mshale kutoka saba mpaka moja. Lakini kwa wapi? Nikienda mbele, nitafika kwenye moja. Nikirudi nyuma, nitafika kwenye moja hiyohiyo. Uso hautasema nilipita wapi. Nikirudi nyuma, labda bado yuko bafuni, anaimba. Nikienda mbele, atakuwa ameshafika, ameshapita. Mungu wangu. Mbele au nyuma? Mbele au nyuma?

Na vidole vyake, vile vidole visivyotetemeka, vilikwenda mbele. Havikumuuliza. Saa ya zamani haigeuzwi nyuma; huumiza meno yake ya ndani. Kila mkusanyaji anajua hivyo, na Ngwali alikuwa mkusanyaji kabla hajawa mume. Mshale ukapita nane, ukapita tisa palipopasuka wino, ukapita kumi na mbili, ukasimama kwenye moja. Akakibonyeza kifundo. Kilitoa sauti ndogo sana, na mazungumzo yote ukumbini yakakatika.

Mwenyeji alisimama. Alikuwa anatazama mshale, kisha ujia, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali.

"Moja," alisema. "Na mdomo unasema moja." Akajifuta kwa mkono wa kanzu, akainama mbele ya Ngwali, akiwa ameweka kiganja kifuani. "Ahsante kwa chakula, bwana. Naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Wewe ndiye..."

"Nilikuja kumchukua dada yangu," alisema yule mtu mfupi. "Nami niliambiwa nikae hapo, mwanga ni mzuri. Sikumbuki kama alitoka." Hakungoja jibu. Aliondoka kwa hatua za haraka, kisha akakimbia, kandambili zikipiga, akapishana na Mize kwenye mdomo wa ujia bila kumtazama, na mlango ukasikika ukifunguka.

Mize alikuwa amefika. Alivaa viatu vyake, mmoja baada ya mwingine, akishikilia ukuta. Kisha akaja moja kwa moja mbele ya ule mto, na Ngwali akafungua mikono yake. Alikuwa Mize hasa, na kovu la mafuta ya moto kwenye kifundo cha mkono, na lile pengo la meno. Nywele zilizotokeza kwenye ushungi zilikuwa nyeupe zote sasa. Akasimama umbali wa heshima, akainamisha macho.

"Shikamoo, Mwenyeji," alisema.

"Mize. Ni mimi."

Akatabasamu, lile tabasamu ambalo mgeni humpa mwenye nyumba anapofanya utani usioeleweka. Ngwali alilijua. Yeye mwenyewe amewahi kulitumia.

"Chakula kilikuwa kizuri, Mungu akuzidishie. Naomba ruhusa sasa. Mume wangu ananingoja nyumbani." Akasita, akacheka kidogo. "Ni mtu wa wasiwasi, yule. Nikichelewa hata chai hanywi. Anakaa na saa zake anazisikiliza."

Ngwali alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga yenyewe, matamu, ya malezi mema: mbona mapema. Keti kidogo. Angeketi. Angemweleza taratibu, siku moja angemjua. Wangekula. Hakuna mtu aliyewahi kuogopa kiasi kile katika nyumba ile, na nyumba ile imeona waoga. Aliichukua saa kwenye sinia, mkono ukimtetemeka kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaiweka sikioni. Kisha, kwa kuwa alikuwa karibu, akainama mbele na kuweka sikio lake, kufumba na kufumbua tu, kwenye ushungi wake. Mize alishtuka lakini hakurudi nyuma. Ndani kulikuwa na pumzi na damu na haraka ya kwenda nyumbani.

"Nenda," alisema. Akamfunga saa mkononi. "Usimruhusu mtu aiguse. Msalimie mumeo."

"Zitafika," alisema Mize.

Alimtazama mpaka mwisho. Alipita ujia kwa mwendo wake, na safari hii kila hatua ilimfikisha, na mlangoni mwanga wa kweli, wa jioni, ulimwangukia begani. Hakugeuka, wageni hawageuki. Mlango ukabaki wazi. Upepo ukaingia, na masinia yakapoa.

Ngwali alijaribu kusimama ili amfuate. Miguu yake ilikuwa yake, haikufungwa na kitu, lakini kila aliponyanyuka watu mia walinyanyua nyuso zao kumtazama, kwa adabu, wakingoja aseme, na mwenye nyumba hawezi kuwaacha wageni sebuleni. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Akaketi tena. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko alivyouona alipoingia. Aliutazama mlango ulio wazi, akazitazama safu zile mbili, akawaza jinsi watakavyotoka mmoja mmoja wakishukuru, mpaka abaki yeye na mto na mazulia na mwanga huu usiotoka popote, milele, bila hata sauti moja ya saa.

Upande wa kushoto mtu alikuwa anainuka kwa shida, akishikilia goti, akikung'uta punje za wali kwenye buibui.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Kazija, uso wake umejaa furaha. "Umefanya jambo la kiume. Mlango nauona, uko wazi. Na mimi naomba ruhusa, nikatazame chungu changu."

Ngwali alitaka kusema nenda. Tunawaapia: alitaka. Aliliona neno lenyewe, fupi, ambalo alilitumia sasa hivi tu na likamgharimu kila kitu, na hakuwa na jingine la namna ile.

"Mbona mapema, bibi?" alisema kwa upole. "Keti kidogo."

Bi Kazija alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akaketi, polepole, akavuta sinia karibu, akamega tonge. Na Ngwali, akiwa ameificha mikono yake inayotetemeka ndani ya mikono ya kanzu, akaanza kusikia na yeye harufu ya maharage yanayoungua.